Chombo cha Maji ya Baridi Kinachofungwa kwenye Bomba, na Sheria Zinazokihusu

Wazazi waliokutana hapa shuleni muhula huu wamekubali kuchanga fedha ili tununue chombo cha kupozea maji ya kunywa, kile kinachofungwa moja kwa moja kwenye bomba, kiwekwe nje ya ukumbi wa chakula. Jambo hili ni jema, na kila aliyewahi kusimama kwenye foleni ya bomba saa saba mchana wakati wa jua kali atashukuru. Kwa kuwa mimi ndimi nifundishaye fizikia, Mwalimu Mkuu ameniomba nieleze katika kurasa hizi chombo hicho ni kitu gani, na kwa nini katika nchi nyingine kimetungiwa sheria ambazo meza na madawati hayakutungiwa. Nitaeleza kwa kirefu kidogo, maana wazazi kadhaa wamekwisha kuniuliza: “Mwalimu, maji ni yale yale ya bomba, sasa sheria ya nini?”

Swali hilo ni la haki kabisa. Jibu lake ni kwamba maji yakisha kuingia katika chombo hayana budi kugusa vitu vingi vigeni kabla ya kufika kinywani, na tena njia waliyoingilia yaweza kuwa njia ya kurudia. Hofu hizo mbili, ya kile ambacho chombo hutia katika maji na ya kile ambacho chombo huweza kurudisha bombani, ndizo zilizozaa karibu sheria zote nitakazozitaja.

Tufungue kwanza ubavu wake tuone ndani. Kwa nyuma huingia bomba jembamba lenye koki ya kufungia. Maji hupita katika kichujio, kisha huingia katika tangi dogo la lita chache tu, ambalo limezungushiwa mrija wa gesi ya baridi kama ule wa jokofu. Kompresa hukaa chini, nayo ndiyo ingurumayo. Kutoka tangini maji hupanda hadi kwenye bilula. Chini ya bilula pana sinia la kudakia matone, na maji ya sinia hushuka kwa mpira hadi mtaroni. Kiko chombo kingine cha jamii hiyo, kile cha maofisini kinachobebeshwa chupa kubwa kichwani. Hicho hakina bomba, kwa hiyo hakiwezi kuwadhuru majirani. Hiki chetu kimefungamana na mtaa mzima.

Sasa mwanafunzi na ahesabu kwa vidole maji yamegusa nini: bomba, viungo, kichujio, kuta za tangi, lehemu iliyounganisha tangi, vali, bilula. Mnywaji haoni hata kimoja cha vitu hivyo. Hawezi kukagua kwa macho wala kwa ulimi, na hapo ndipo sheria inapoingia, kwa niaba ya macho yake.

Hofu ya kwanza ni ya madini yanayoitwa risasi. Neno hili lina maana mbili katika lugha yetu, nami hapa sisemi ile ya bunduki, bali yale madini laini, mazito, ya kijivu, ambayo alama yake katika kemia ni Pb. Mafundi waliyapenda tangu zama za Warumi kwa sababu hukunjika bila kuvunjika, na huyeyuka kwenye nyuzijoto 327, wakati shaba huhitaji 1,085. Hata neno la Kiingereza la fundi bomba limetokana na jina la Kilatini la risasi. Kwa miaka mingi lehemu ya kuunganishia mabomba ilikuwa mchanganyiko wa bati na risasi, na shaba ya manjano, ambayo hutengenezewa bilula na vali, ilitiwa risasi kidogo ili ikatike vizuri kwenye mashine.

Ubaya wake ni kwamba risasi katika maji haina rangi, ladha wala harufu. Kuyachemsha maji hakusaidii, tena huzidisha, kwa kuwa maji hupungua kwa mvuke na risasi hubaki chunguni. Kwa watoto hudhuru ubongo unaokua, na mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 au 5 kuliko mtu mzima. Shirika la Afya Duniani husema kwamba hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa hakina madhara.

Nchi ambayo imepata taabu kubwa ya jambo hili katika vyombo vya maji vya shule ni Marekani, na habari zake zafaa kuelezwa kwa utaratibu. Mwaka 1986 Bunge la nchi ile lilipiga marufuku kutumia mabomba, viungo na lehemu yenye risasi katika kazi mpya za maji ya kunywa. Sheria ilisema vitu hivyo viwe “bila risasi”. Lakini msomaji akifika kwenye maelezo ya maneno hayo atakuta kwamba lehemu iliruhusiwa kuwa na risasi isiyozidi asilimia 0.2, na mabomba na viungo isiyozidi asilimia 8. Asilimia 8 ndiyo “bila”! Nawashauri wanafunzi wa Kidato cha Nne wanaopenda uanasheria wakumbuke daima kusoma ukurasa wa maelezo ya maneno kabla ya kusoma sheria yenyewe.

Haukupita muda mrefu ikajulikana kwamba baadhi ya vyombo vya kupozea maji vilikuwa na matangi yaliyopakwa kwa ndani utando wenye risasi. Fikirini hali ya shule: maji yanalala katika tangi hilo usiku kucha, hulala Jumamosi na Jumapili, hulala likizo nzima, kisha Jumatatu asubuhi wa kwanza kunywa ni mtoto aliyekuja mbio kutoka nyumbani. Bunge likatunga sheria nyingine, iliyotiwa saini tarehe 31 Oktoba 1988, ambayo ilihusu vyombo hivi hasa. Ilivihesabu vile vyenye matangi ya namna hiyo kuwa vitu vya hatari isiyongoja, ikataka vitengenezwe, vibadilishwe au virudishwe na fedha zilipwe. Ilikataza kuuza chombo chochote kisichokuwa “bila risasi”. Tena iliiagiza Idara ya Kulinda Mazingira ichapishe orodha ya vyombo vyenye kasoro, kwa jina la mtengenezaji na namba ya aina yake, na majimbo yaipeleke orodha hiyo mashuleni na kuyasaidia kupima maji.

Hapo palitokea jambo ambalo mwalimu wa Uraia atalifurahia. Mwaka 1996 mahakama ya rufani ya Marekani, katika kesi iliyotoka Louisiana, iliamua kwamba Bunge la nchi halina mamlaka ya kuyalazimisha majimbo kuanzisha mipango yao ya kurekebisha maji ya shule. Kwa katiba yao huenda uamuzi ulikuwa sahihi. Lakini matokeo yake ni kwamba mahali pengi upimaji ulibaki kuwa hiari ya kila jimbo na kila mji, na hiari, kama tujuavyo sote tuliowahi kuomba watu wajitolee kufagia uwanja, huwa na watu wake wachache. Mwaka 2007 shule za mji wa Baltimore zilifunga mabomba ya kunywea na kuleta maji ya chupa. Mwaka 2016 ikawa zamu ya shule 30 za Newark. Mwaka 2018 mkuu wa shule za umma za Detroit aliamuru maji ya kunywa yafungwe katika shule zake zote, zaidi ya 100, baada ya vipimo kuonyesha risasi au shaba nyingi kupita kiasi katika baadhi yake.

Dawa iliyotumika Detroit ni hii: vyombo vya maji ya kunywa, vilivyofungwa kwenye bomba, vyenye kichujio cha kuondoa risasi. Yaani chombo cha jamii ile ile kilichoshtakiwa mwaka 1988 kilirudi kuwa mganga. Na mwaka 2023 jimbo la Michigan, ambamo Detroit imo, lilitunga sheria ya kuzitaka shule na vituo vya kulelea watoto viweke vichujio kwanza, bila kungoja mtu apime na kukuta ubaya. Mimi naiona sheria hii kuwa ya busara kuliko zilizotangulia, maana yule anayengoja cheti cha maabara ndipo atende, watoto wake wanaendelea kunywa.

Ile asilimia 8 nayo haikudumu. Sheria ya mwaka 2011, iliyoanza kazi tarehe 4 Januari 2014, iliishusha hadi asilimia 0.25, ikihesabiwa kwa wastani wa sehemu zinazogusa maji. Tufanye hesabu nyepesi, bila kujali sana ni sehemu gani inayogusa maji. Kiungo cha shaba ya manjano chenye uzito wa gramu 200 kiliruhusiwa kuwa na gramu 16 za risasi. Kwa kipimo kipya ni nusu gramu. Sasa Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa maikrogramu 10 za risasi katika lita moja ya maji, na kipimo cha Afrika Mashariki cha maji ya kunywa, kiitwacho EAS 12, ni hicho hicho. Gramu 16 ni maikrogramu milioni 16. Kama zingeyeyuka zote, zingetosha kufikisha lita 1,600,000 kwenye mpaka huo. Hazitayeyuka zote, wala si kwa siku moja, lakini mwanafunzi ataona kwa nini mtunga sheria anagombana na fundi juu ya kiungo kinachotosha kiganjani.

Marekani waliweka pia kipimo cha kuishtua kampuni ya maji, maikrogramu 15 kwa lita tangu mwaka 1991, na mwaka 2024 walitangaza kukishusha hadi 10. Ifahamike kwamba kipimo hicho ni cha mji mzima, kwa kuchukua sampuli nyumba hadi nyumba. Mji waweza kufaulu na chombo kimoja katika ukumbi mmoja wa shule kikafeli vibaya. Ndiyo sababu maelekezo yao kwa shule husema sampuli ichukuliwe kwenye bilula yenyewe, mililita 250, ambazo ni karibu kikombe kimoja cha mtoto, baada ya maji kulala muda wa saa 8 hadi 18, bila kumwaga kwanza hata tone. Anayefungua bilula na kuacha maji yatiririke kabla ya kukinga chupa amepima maji ya barabarani, si ya chombo.

Tuje kwenye hofu ya pili, ya maji kurudi nyuma. Hapa nitawaomba wanafunzi wafanye jaribio ambalo halina gharama. Weka beseni la maji juu ya meza na kutia wino ndani yake. Chukua mpira mwembamba, ujaze maji safi, ziba ncha zote mbili kwa vidole. Zamisha ncha moja katika beseni, na ile nyingine iteremshe hadi ndoo iliyo chini sakafuni. Achia vidole. Maji ya wino yatapanda kingo za beseni na kushuka ndooni bila mtu kuyasukuma, mpaka beseni likauke au ncha ichomoze. Sasa rudia, lakini safari hii ncha ya juu iweke vidole viwili juu ya uso wa maji. Utavuta hewa tu, na wino utabaki ulipo.

Badala ya mpira weka bomba la mtaa, badala ya ndoo weka bomba lililopasuka bondeni au gari la zimamoto linalovuta maji kwa nguvu, na badala ya beseni weka ndoo ya kufulia ambayo mtu ameacha mpira wa bomba umezama ndani yake. Msukumo katika bomba kuu ukianguka, kila kilichozama hunyonywa. Sehemu ile ya hewa ya vidole viwili, ambayo haina vali wala springi wala kitu cha kuharibika, ndiyo kinga bora kuliko zote zilizobuniwa. Kanuni za Uingereza hutaka nafasi hiyo isipungue milimita 20, au mara mbili ya upana wa ndani wa tundu la bomba, ipi iliyo kubwa.

Asidhani mtu kwamba haya ni ya darasani tu. Mwaka 1933, wakati wa maonyesho makubwa ya dunia katika mji wa Chicago, mabomba na vifaa vikongwe vilivyofungwa vibaya viliruhusu uchafu kuingia katika maji ya kunywa ya hoteli. Watu 1,409 waliugua ugonjwa wa kuhara damu uletwao na amiba, na 98 wakafa. Walikuwa wageni waliokuja kutazama maendeleo ya sayansi.

Kwa Uingereza na Wales sheria inayotumika ni Kanuni za Vifaa vya Maji za mwaka 1999, zilizoanza tarehe 1 Julai mwaka ule. Kanuni hizo zimeyapanga maji katika madaraja matano kwa kadiri ya hatari yake. Daraja la 1 ni maji safi ya kunywa kama yatokavyo kwa kampuni. Daraja la 2 ni maji yale yale ambayo yamebadilika ladha, harufu, sura au joto, lakini hayadhuru. La 3 yana madhara kidogo, la 4 yana sumu, na la 5 ni yale yenye uchafu wa choo au vijidudu vya maradhi. Kila daraja lina kinga yake, na kadiri namba inavyopanda ndivyo kinga inavyokuwa nzito, hata katika daraja la 5 vali ya kawaida haikubaliki.

Je, chombo chetu cha maji baridi kiko daraja gani? Maji yake yamebadilika joto tu, kwa hiyo ni la 2, na vali moja ya kupitisha maji upande mmoja yatosha. Lakini kama ni kile kinachotia gesi ili maji yatoe povu kama soda, kinahamia daraja la 3, na sababu yake ni ya kikemia. Gesi ya kaboni ikiyeyuka katika maji huwa asidi dhaifu. Asidi hiyo ikirudi nyuma katika bomba la shaba huila shaba, na anayekunywa maji hayo hutapika. Naishauri kamati isinunue cha gesi. Na mpira wa sinia la matone, ule unaoshuka mtaroni, uko jirani na daraja la 5. Usizamishwe mtaroni kamwe, bali umwagie juu ya faneli, hewa ikiwa katikati.

Kanuni hizo pia hutaka kila kifaa kiwe cha ubora unaofaa. Mipira na plastiki hupimwa kwa kipimo kiitwacho BS 6920, kuona kama hutia ladha au rangi katika maji, kama hulea vijidudu, au kama hutoa madini. Na mtu akitaka kurefusha au kubadili mabomba katika jengo lisilo nyumba ya kuishi, kama shule, kwa kawaida hupeleka taarifa kwanza kwa kampuni ya maji. Kampuni isipojibu katika siku 10 za kazi, huhesabiwa imekubali. Anayekaidi hushtakiwa na kutozwa faini. Nimeipenda desturi ya kuuliza kabla ya kukata bomba, maana bomba likisha kukatwa ubishi wote huwa na gharama.

Sasa yatupasa kufikiri juu ya hapa kwetu. Uingereza msukumo wa bomba kuu huanguka kwa ajali. Katika miji yetu mingi huanguka kwa ratiba, kwa kuwa maji hutoka kwa zamu, leo mtaa huu na kesho ule. Kila zamu inapokwisha, mabomba hushuka na kunyonya. Kinga ambayo kule yangoja ajali ya mara moja kwa miaka, hapa ina kazi kila juma. Kwa hiyo asije mtu akasema kwamba vali ya njia moja ni anasa ya Wazungu. Ni kitu kidogo chenye bei ndogo, na ni sisi tunaoihitaji zaidi.

Njia nyingine ni kukifungia chombo kwenye tangi letu la mnarani, si kwenye bomba la barabarani. Faida yake ni kwamba tangi, ikiwa bomba liliingizialo maji limewekwa juu ya uso wa maji, tayari lina ile nafasi ya hewa. Hasara zake ni mbili. Kwanza, klorini iliyotiwa na mamlaka ya maji hupungua kadiri maji yanavyokaa tangini kwa joto, na tangi lisilooshwa huwa na tope. Pili ni msukumo. Mnara wetu una mita 6. Zidisha kwa uzito wa maji, kilo 1,000 kwa mita ya ujazo, na kwa 9.8, utapata paskali 58,800. Kabla ya kulipa, kamati isome kibandiko cha chombo ione kinahitaji msukumo kiasi gani, la sivyo tutakuwa na kabati zuri la baridi lisilotoa maji.

Kichujio chahitaji neno, maana wauzaji hukisifu sana. Kichujio cha mkaa huondoa harufu na ladha ya klorini, na watu hufurahi. Lakini klorini ndiyo mlinzi, na maji yaliyoondolewa mlinzi, yakikaa katika tangi dogo siku tatu, huotesha bakteria kwenye kuta. Kichujio kilichopitwa na muda wake huwa chenyewe shamba la vijidudu. Tena vichujio si sawa: katika vipimo vya Marekani, kile chenye cheti cha namba 42 kimepimwa kwa mambo ya ladha na sura, na kile cha namba 53 kimepimwa kwa mambo ya afya, hata hicho lazima cheti kiitaje risasi kwa jina. Muuzaji akionyesha alama tu bila namba, aulizwe.

Kuhusu usafi wa kila siku sina mengi. Bilula zifutwe kwa dawa, sinia lioshwe, watu wasitie midomo. Waya wa ardhi wa umeme ukaguliwe na fundi mwenye leseni, kwa sababu watoto watakuwa wamesimama mahali penye maji. Maelekezo ya Marekani husema pia chombo cha baridi kiachwe kitiririke dakika 15 baada ya kulala muda mrefu. Kama bilula hutoa lita moja na nusu kwa dakika, hizo ni lita 22 na nusu, zaidi ya ndoo kubwa. Kwetu hazitamwagwa; zamu ya bustani itakuja na ndoo.

Hapa nchini mwenye kusimamia huduma za mamlaka za maji ni EWURA, na viwango vya maji ya kunywa huwekwa na Shirika la Viwango, TBS. Kwa hiyo nimeiomba kamati iiandikie mamlaka ya maji ya mji wetu kabla fundi hajagusa bomba, iambatanishe mchoro, na imtake muuzaji alete kwa maandishi: madini ya tangi na ya viungo, cheti cha vifaa vinavyogusa maji, namba ya kipimo cha kichujio na bei ya kichujio cha kubadilishia. Hiyo ya mwisho isisahauliwe. Chombo hununuliwa mara moja, kichujio hununuliwa kila baada ya miezi, na fedha yake haimo katika mchango uliokubaliwa. Mhazini ametakiwa aieleze katika mkutano ujao.

Siku chombo kitakapofungwa, kitajazwa maji na kuachwa tangu Jumapili jioni. Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya mtu yeyote kugusa bilula, wanafunzi wanne wa Kidato cha Tatu watakinga chupa ya kwanza, mililita 250. Kisha maji yataachwa yatiririke, na chupa ya pili itakingwa. Risasi ikiwa nyingi katika ya kwanza na kidogo katika ya pili, kosa limo katika chombo, nacho kitarudi kwa muuzaji. Ikiwa nyingi katika zote mbili, kosa limo katika bomba letu, na hapo kazi itakuwa kubwa zaidi. Chupa zote mbili zitapelekwa maabara ya maji, na majibu yatabandikwa kwenye ubao wa matangazo ulio mkabala na ofisi, ili wazazi wanaokuja kulipa michango wayasome. Mpaka majibu yafike, koki ya nyuma itakuwa imefungwa, na ufunguo wa chumba atakuwa nao mwalimu wa zamu.